Hatimiliki Si Kibali cha Maji: Mambo ya Kujua Kabla Kijiji Hakijatoa Ardhi kwa Shamba Kubwa la Pamba

Pamba ya Chato ni pamba ya mvua. Mkulima hupanda kuanzia katikati ya Novemba, hupalilia mvua zikiendelea kunyesha, na huanza kuchuma zikishakatika. Mvua ikikatika mapema, wakati mimea ndiyo kwanza inaweka vitumba, mavuno hupungua hata kama mbegu bora, samadi na viuatilifu vilitumika inavyopasa. Kwa wakazi wa kata za mwambao uchungu huwa mkubwa zaidi, kwani ukame huo huwakuta wakiwa wanaliona Ziwa Victoria kutoka mashambani mwao.

Ndiyo maana wazo la shamba kubwa la pamba la umwagiliaji, liwe la mwekezaji, la ushirika au la Serikali, hupokewa vijijini kwa shauku. Shauku hiyo ina haki yake. Hata hivyo, mashamba ya namna hiyo yamekwisha kujaribiwa katika Afrika Mashariki na katika bonde la Mto Nile, na mara nyingi kilichoyavuruga hakikuwa pamba yenyewe. Yalivurugwa na maswali mawili ambayo hayakujibiwa mapema: ardhi ni ya nani, na maji ni ya nani. Makala haya yanaeleza jinsi maswali hayo yalivyojitokeza kwingine, na jinsi sheria za Tanzania zinavyoyajibu.

Funzo la Mto Tana

Mfano ulio karibu uko Kenya, kando ya Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini humo. Skimu ya Hola ilianza mwaka 1953, wakati wa utawala wa Kiingereza, na mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa na wafungwa wa kisiasa wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa hapo kwa kipigo baada ya kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walifariki baada ya kunywa maji. Baada ya uhuru skimu iliendelea na ikalima pamba kwa miaka mingi, hadi mwaka 1989 Mto Tana ulipobadili mkondo wake na kuziacha pampu zikiwa mahali pasipo na maji. Mashamba yalikuwapo, mifereji ilikuwapo na wakulima walikuwapo, lakini kilimo kilisimama kwa miaka mingi.

Juu kidogo ya Hola ndiko ilikojengwa skimu ya Bura, na hiyo ndiyo yenye mengi ya kufundisha. Mpango wake wa mwaka 1977, uliosaidiwa na Benki ya Dunia pamoja na wafadhili wengine, ulikusudia kuendeleza hekta 6,700 na kuhamishia hapo familia zaidi ya 5,000 kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Pamba ndiyo iliyokuwa zao kuu, na mahindi yalikuwa ya chakula. Hekta zilizoendelezwa hazikufikia nusu ya kusudio hilo. Maji yalitegemea pampu za dizeli zilizofungwa Nanigi kama mpango wa muda, zikisubiri banio la kudumu mtoni. Pampu hizo ziliharibika mara kwa mara. Kila ziliposimama, pamba iliyokwisha kupandwa ilikauka ikiwa kitaluni, na mwenye kitalu hakuwa na la kufanya, kwa kuwa pampu haikuwa yake, mfereji haukuwa wake, na hata ratiba ya kufungua maji haikuwa mikononi mwake.

Wala ardhi haikuwa yake. Familia zilizopelekwa Bura hazikupewa hatimiliki. Zilikaa kwa leseni ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ya Kenya. Uongozi wa skimu ndio ulioamua zao gani lipandwe na lini maji yafunguliwe, na gharama za pembejeo na huduma zilikatwa kwenye malipo ya pamba kabla mkulima hajapokea kilichobaki. Wakati huohuo Wapokomo waliokuwa wakilima kingo za mto, na Waorma waliokuwa wakichunga katika nyika hizo, waliona eneo walilolitumia vizazi kwa vizazi likitengwa kwa ajili ya watu waliotoka mbali. Kwa Waorma suala lilikuwa zito zaidi, kwa sababu mfugaji wa nyika huweza kuhama kutafuta malisho, lakini wakati wa kiangazi hana budi kurudi mtoni. Njia za kupeleka ng'ombe majini, ambazo wenyeji wa Tana huziita malka, zikizibwa na mashamba, ugomvi huanza hata kama hakuna aliyeukusudia. Chini zaidi, kwenye delta ya mto huohuo, mapigano ya mwaka 2012 kati ya jamii hizo mbili, yaliyochochewa pamoja na mengine na mvutano wa maji na malisho, yaligharimu maisha ya watu zaidi ya 100.

Pamba ya Sudan na maji ya Ziwa Victoria

Wapo wanaouliza kwa nini wilaya iliyo kando ya ziwa kubwa kiasi hiki haikuwahi kujengewa mifereji tangu zamani. Sababu ni nyingi, gharama ikiwa ya kwanza, lakini mojawapo inahusu pamba ya nchi nyingine.

Mwaka 1925 Waingereza walikamilisha bwawa la Sennar katika Nile ya Buluu nchini Sudan, na kwa maji yake wakaanzisha skimu ya Gezira ili kulisha viwanda vya nguo vya kwao. Gezira ilikua hadi kuwa miongoni mwa mashamba makubwa zaidi ya umwagiliaji duniani. Ardhi ilikodishwa na serikali kwa lazima kutoka kwa wenyewe, nao wakabaki na majina kwenye daftari huku uamuzi wa matumizi ukihamia kwa serikali na kampuni iliyoendesha skimu. Misri, ambayo haina mto mwingine, ilihofia kwamba pamba ya Sudan ingeyamaliza maji yake. Mvutano huo ulizaa makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Misri na Uingereza, yaliyotamka kwamba bila ridhaa ya Misri kusijengwe mradi wa umwagiliaji au wa umeme katika Nile, matawi yake au maziwa yake, katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, iwapo mradi huo ungeathiri maji yaendayo Misri. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo.

Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika huru haijifungi na makubaliano hayo. Mradi wa maji kutoka Ihelele mkoani Mwanza kwenda Shinyanga na Kahama, uliozinduliwa mwaka 2009, ulijengwa kwa msimamo huo. Mwaka 2010 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusaini, mjini Entebbe, Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, ulioanza kutumika Oktoba 2024. Kwa hiyo kutumia maji ya ziwa ni haki ya Tanzania, ikitumiwa kwa kiasi na kwa kuzingatia majirani. Namna ya kuigawa haki hiyo baina ya wananchi wenyewe ni kazi ya sheria za ndani.

Karatasi mbili tofauti

Jambo ambalo mara nyingi halieleweki ni kwamba kumiliki ardhi hakumpi mtu umiliki wa maji yanayopita juu yake au kando yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, maji yote ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais kwa niaba ya wananchi. Mtu anayeteka maji ya nyumbani kutoka chanzo anachokifikia kihalali hahitaji kibali. Anayetaka kuvuta maji kwa ajili ya shamba kubwa ni lazima apate kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa Chato ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Mwanza. Kibali hutaja chanzo, kiasi na matumizi. Mwenye hatimiliki ya hekta 1,000 asiye na kibali hana ruhusa ya kumwagilia hata hekta moja kati ya hizo kwa pampu yake.

Sheria hiyo pia imeweka mpangilio: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kutunza mazingira, na baada ya hapo ndipo shughuli za uchumi, kilimo kikiwamo. Kijiji kinachoambiwa kwamba shamba limelipiwa ada na hivyo lina haki ya kwanza, kinaambiwa jambo lisilo la kweli.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, lakini haiipi uhuru wa kuigawa peke yake. Ugawaji wahitaji ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18. Ikiwa ardhi itahamishwa kutoka ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla ili apewe mwekezaji, eneo lililo chini ya hekta 250, yaani ekari zipatazo 600, huamuliwa na Mkutano Mkuu. Likifikia hekta hizo au zaidi uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuzingatia maoni ya Mkutano Mkuu. Uhamisho haukamiliki kabla ya aina, kiasi na wakati wa fidia kukubaliwa. Ardhi ikishahamishwa si ya kijiji tena. Mwekezaji akishindwa na kuondoka, hairudi kijijini yenyewe, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi mikutanoni, pengine kwa sababu siku ya mkutano hakuna anayetaka kuzungumzia kushindwa.

Maji kiasi gani?

Hesabu ifuatayo inafaa kufanywa kijijini kwa kalamu na karatasi. Kulipa shamba la hekta moja maji yanayolingana na mvua ya milimita 100 kunahitaji lita milioni 1. Shamba la hekta 300 litahitaji lita milioni 300. Kaya inayotumia ndoo 10 za lita 20 kwa siku hutumia lita 6,000 kwa mwezi. Maji hayo ya shamba, basi, yangezitosha kaya 50,000 kwa mwezi mzima.

Kwa Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, kiasi hicho ni kidogo. Kwa kijito cha bondeni au lambo la kijiji ni chote kilichopo na zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwombaji ni chanzo: bomba litatumbukizwa wapi? La pili ni njia: mtandao wa mifereji na uzio utaacha wapi mapito ya mifugo, na wavuvi watafikaje mwaloni? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na ukanda huo hauwi sehemu ya shamba hata kama ramani ya mwombaji imeuchora ndani. La tatu ni maji yanayorudi. Maji ya shambani hurejea ziwani yakiwa na mbolea na viuatilifu, na mbolea hiyohiyo hustawisha magugu maji. Tathmini ya Athari kwa Mazingira ndiyo inayopaswa kulijibu swali hili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa inapofanyika.

Lipo na jambo la kilimo chenyewe. Katika ukanda wa pamba wa magharibi wakulima hutakiwa kung'oa na kuteketeza masalia ya pamba kabla ya Septemba 15, ili funza wa vitumba wasipate pa kuishi hadi msimu mpya. Shamba lenye maji mwaka mzima lina kishawishi cha kuacha pamba isimame. Likifanya hivyo, funza watakaohifadhiwa humo watahamia kwa mkulima wa ekari mbili asiye na tone la maji ya mfereji. Sharti la kufuata msimu liandikwe kwenye makubaliano.

Mgogoro ukitokea

Mgogoro wa ardhi na mgogoro wa maji hupita milango tofauti. Wa ardhi ya kijiji huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, ambalo husuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha tu na halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Malalamiko kuhusu maji, kama vile kuvuta bila kibali, kuzidisha kiasi kilichoruhusiwa au kuchafua chanzo, huwasilishwa kwanza kwa jumuiya ya watumiaji maji ya eneo husika, kama ipo, kisha Bodi ya Maji ya Bonde. Ombi la kibali linapopelekwa Bodi, wanaoweza kuathirika wana nafasi ya kuweka pingamizi kwa maandishi, nalo hufaa zaidi likiambatana na muhtasari wa mkutano wa kijiji, orodha ya kaya zinazoteka maji kwenye chanzo hicho, na idadi ya mifugo inayonyweshwa hapo. Afisa Mtendaji wa Kijiji ndiye mtunza kumbukumbu hizo, na mwanakijiji anaweza kumwomba azione.