Kupunguza Uzito kwa Mwenye Kisukari Aina ya Pili: Mpango wa Chakula kwa Mkulima wa Mgeta

Mgeta, katika Wilaya ya Mvomero, ni ghala la mboga. Kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo hulimwa kwenye matuta ya ngazi ya milima ya Uluguru na kusafirishwa hadi masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Hata hivyo, mkulima anaweza kuuza mboga yote na kubakiza mezani ugali mwingi na mchuzi kidogo. Kwa mwenye kisukari aina ya pili na uzito uliozidi, mgawanyo huo ndio wa kwanza kurekebishwa.

Kwa nini uzito upungue?

Mafuta yanayorundikana katika ini na kongosho hudhoofisha utendaji wa insulini na utengenezaji wake. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa kilo 80, hushusha sukari na shinikizo la damu. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, uliwahusisha watu waliogunduliwa na kisukari ndani ya miaka sita na wasiotumia insulini. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliofuata mpango wa kupunguza uzito walikuwa na sukari iliyotoka katika kiwango cha kisukari bila dawa. Mpango huo ulianza kwa kilokalori zipatazo 800 kwa siku chini ya uangalizi wa wataalamu. Haufai kuigwa nyumbani.

Sahani na kikombe

Nusu ya sahani iwe mboga: kabichi, mchicha, mnafu, karoti. Robo iwe maharage, njegere, yai, samaki au nyama isiyo na mafuta. Robo ya mwisho iwe wanga: ugali wa dona usiozidi ngumi ya mlaji, au viazi. Ieleweke kwamba viazi mviringo huhesabiwa kama wanga. Kuvila pamoja na ugali ni kuongeza wanga maradufu.

Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kimoja hutoa takriban kilokalori 145, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia hutoa karibu 120. Kuviondoa au kuvipunguza hivi hakugharimu chochote. Togwa na pombe navyo vihesabiwe.

Mfano wa siku moja

Asubuhi: chai bila sukari, kiazi kitamu kimoja cha wastani kilichochemshwa na yai moja.
Mchana: ugali wa dona, maharage na kabichi nyingi.
Jioni: viazi mviringo viwili vidogo, njegere, mboga za majani, na plamu au pichesi moja. Tunda liliwe zima, lisikamuliwe juisi.

Mwendo wa nusu kilo kwa wiki unatosha.

Hatari ya jembe na tumbo tupu

Anayetumia glibenklamaidi au insulini hapaswi kuruka mlo wala kupunguza wanga kwa ghafla kabla ya kuonana na mtoa huduma, kwani dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Metfomini peke yake ni nadra kuleta tatizo hili. Kulima kwenye mteremko hutumia sukari nyingi. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa na anaweza kuanguka. Abebe sukari shambani. Akiona dalili, apumzike, anywe vijiko vidogo vitatu vya sukari vilivyokorogwa katika maji, arudie baada ya dakika 15 ikiwa hajapata nafuu, kisha ale. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu kinywani. Akimbizwe kituo cha afya.

Kinyume chake, kukonda kunakoambatana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara si mafanikio ya mpango. Ni dalili ya sukari kuwa juu mno, na kunahitaji vipimo mapema.

Mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo wanahitaji mpango wao maalumu. Kwa wengine, hatua ya kwanza ni nyepesi: kabla gunia la kabichi halijapakiwa kwenye gari, kabichi ya nyumbani itengwe.