Mpanga-Kipengere: Wageni wachache, wateja wa maji wengi

Makambako ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapokutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Bei ya viazi, mbao, mahindi na mchele hujulikana mjini hapo kila siku. Jirani yao wa upande wa magharibi, Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere, hana bei inayotajwa sokoni, ingawa sehemu ya biashara hiyo inamtegemea.

Pori hilo lilitangazwa mwaka 2002. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,574, likianzia nyasi za baridi za milima ya Kipengere na kushuka kwenye miombo kuelekea bonde la Usangu. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA.

Pori la akiba si hifadhi ya taifa. Katika hifadhi ya taifa, kama Ruaha, uwindaji ni marufuku kabisa. Katika pori la akiba, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa kibali, pamoja na utalii wa picha. Kulima na kuchunga mifugo ndani yake ni kosa.

Mgeni anapata nini?

Anayetaka makundi makubwa ya tembo na simba aende Ruaha kupitia Iringa. Anayetaka maua apande Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005, wakati wa mvua. Mpanga-Kipengere inauza kitu kingine: maporomoko ya mto Kimani, matembezi ya miguu, ndege, na wanyama wa miombo kama tandala, ambao huonekana kwa subira. Hoteli hazijajaa huko. Mgeni huja na hema, chakula, maji na gari linaloweza njia mbovu.

Hapo ndipo fedha ya mji inapoingia. Kiingilio huenda serikalini, kwa viwango tofauti vya Mtanzania na mgeni wa nje. Mafuta, gari la kukodi, mchele, nyama, kitanda cha usiku wa kwanza na malipo ya mpishi hubaki Makambako au Njombe. Kwa safari ya siku mbili, sehemu hiyo ya pili si ndogo.

Hesabu ya maji

Hata hivyo, wageni ni faida ya juu tu. Mito inayoshuka kutoka milima hiyo, Kimani na Mbarali ikiwemo, humwagilia mashamba ya mpunga ya Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Mto huo hupita ardhioevu ya Ihefu, hifadhi ya Ruaha, bwawa la Mtera na la Kidatu, kisha hujiunga na Rufiji.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Maji mengi yalikuwa yakichukuliwa na mashamba ya bondeni, na mifugo ilikuwa imejaa Ihefu. Mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha ili kuinusuru ardhioevu hiyo. Lakini kulinda Ihefu hakutoshi iwapo miteremko ya juu itachomwa moto na kukatwa miti. Mvua ikinyesha mlima ukiwa mtupu, maji hushuka yote kwa mkupuo, na Septemba mfereji wa mpunga hubaki mkavu.

Kwa hiyo mnunuzi wa mchele wa Mbarali ana sababu ya kufuatilia habari za moto wa Kipengere kama anavyofuatilia bei ya dizeli.

Kwa wenye magari na nyumba za wageni, miezi ya kufanya kazi ni Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu. Kabla ya kumtajia mteja bei, ulizeni TAWA viwango vya mwaka huo na hali ya njia, na mteja aambiwe mapema kwamba usiku wa Julai huku ni wa makoti.