Bei ya Kitu Ni Saa Zako

Wekeni tayari daftari na kalamu, maana somo la leo lina hesabu. Tutazungumza juu ya mtu anayefanya kazi sana, lakini hana nafasi ya kukaa na watu wa nyumbani mwake.

Kwanza tutazame sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kuwa kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa juma. Saa zinazopita hapo huitwa saa za ziada. Hufanywa kwa mapatano, hazizidi 50 katika majuma 4, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Basi sheria imempa mtu jioni yake. Lakini mara nyingine sisi wenyewe huiuza. Sikilizeni mfano huu.

Tuseme yuko fundi wa kiwandani anayepata shilingi 1,000 kwa saa. Chakula anapata, kodi ya chumba analipa. Siku moja anaona makochi mapya kwa jirani, naye anayataka. Bei ni shilingi 450,000. Anayachukua kwa mkopo, akiahidi kulipa kwa fedha za saa za ziada.

Haya, tupige hesabu pamoja. Riba tuiache. Saa 1 ya ziada ni shilingi 1,500. Gawanyeni 450,000 kwa 1,500. Mmepata ngapi? Ndiyo, saa 300. Sasa gawanyeni 300 kwa 50. Jibu ni 6. Mara 6 ya majuma 4 ni majuma 24. Karibu nusu mwaka!

Nusu mwaka huo wote anatoka watoto wamelala, anarudi wamelala. Mkewe ndiye mama, ndiye baba. Darasa la jioni kama hili hawezi kuja. Na makochi yale? Wageni ndio wanaoyakalia. Mwenyewe akirudi, huenda moja kwa moja kitandani.

Wazee walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kitu kina jasho la mtu. Dukani bei huandikwa kwa shilingi, lakini wewe hulipa kwa saa zako.

Hatusemi mtu asinunue kitu. Unga, dawa na madaftari ya watoto ni haja. Tena wako ambao mshahara wao hautoshi hata chakula. Hao hufanya kazi ya ziada kwa kukosa njia, wala somo hili haliwalaumu.

Lakini kabla ya kununua, jiulize mambo matatu:

1. Kitu hiki ni saa ngapi za kazi yangu?
2. Nani nyumbani atazikosa saa hizo?
3. Nikingoja, nikaweka akiba kidogo kidogo, nitapungukiwa na nini?

Kazi ya nyumbani: Andika vitu vitatu ulivyonunua mwezi uliopita. Mbele ya kila kimoja andika bei yake, kisha saa ulizofanya kazi kukilipia. Asiye na mshahara ahesabu siku zake za shambani au za sokoni. Juma lijalo someni mbele ya wenzenu.