Mwongozo wa Kompyuta kwa Mama wa Keroka

Baadhi ya familia zetu za pwani zina jamaa Kisii na Nyamira: mabinti walioolewa huko, wana wanaosoma Chuo Kikuu cha Kisii, wafanyabiashara wa miaka mingi mjini. Katika mizigo inayowaendea, pamoja na tende na halua, siku hizi huenda mkawamo kompyuta kuukuu iliyotoka ofisini. Nayo hufika na tatizo lake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kama ilivyokuwa ikiitunza, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Wapo wanaokimbilia nakala ya wizi. Hiyo ni haki ya mtu inayoliwa, na mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Njia iliyo safi ipo. Ubuntu ni mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kundi la waandishi wa programu waliokusanywa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Umejengwa juu ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza nchini Finland mwaka 1991. Hutolewa bure, na mtu ana ruhusa ya kuunakili na kumpa jirani. Programu tunayo, basi. Tunachokikosa ni mtu wa kumwandikia mama wa Keroka, mji ule ulio mpakani baina ya Kisii na Nyamira, namna ya kuitumia bila ya kumwita fundi kwa kila hatua.

Kiswahili si kigeni katika kazi hii. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux uliitafsiri OpenOffice, programu huru ya kuandikia na kuhesabia, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi ya namna hiyo hulazimu kuamua neno moja moja, na tabu hiyo ingalipo. Watoto wa Kenya hufundishwa tarakilishi na nywila. Mama zao husema kompyuta na paswadi. Rai yetu ni kwamba mwongozo uandikwe kwa neno la mama, na lile la shule litajwe mara moja tu. Tena huko lugha ya nyumbani ni Ekegusii. Sentensi ya Kiswahili na iwe fupi, binti aweze kumfasiria mamake papo hapo.

Kosa kubwa la miongozo mingi ni kuificha hatari katikati ya maelezo. Wakati wa kusakinisha Ubuntu, ukurasa mmoja huleta chaguo lisemalo “Erase disk and install Ubuntu”, yaani futa diski nzima kisha usakinishe. Mwandishi aliyezoea huandika “bonyeza hapo, endelea”, kwa kuwa diski yake yeye ilikuwa tupu. Mama akimfuata, picha za arusi, picha za marehemu babake, hesabu za duka, vyote vimekwenda, wala hakuna kitufe cha kuvirudisha. Mwongozo wa haki huanza kabla ya Ubuntu wenyewe: hamisha kila unachokithamini kwenye flashi, ifungue flashi hiyo katika kompyuta nyingine uone kwa macho yako kwamba picha zimo, ndipo uendelee. Flashi ya picha isiwe ile ya kupakiwa Ubuntu, maana kupakia huko hufuta vilivyomo. Kisha mama aambiwe kwamba Ubuntu waweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila ya kuigusa diski. Akae nao siku mbili tatu kwanza. Na maneno ya skrini yaandikwe vilevile yalivyo kwa Kiingereza, ndipo yafasiriwe, kwani hayo ndiyo atakayoyaona.

Yapo na madogo yatishayo. Katika Ubuntu 24.04, ukisakinisha programu kwa kuandika amri utaulizwa paswadi, na uiandikapo hakuna herufi wala nyota inayotokea. Anayeanza hudhani kibodi imekufa. Sentensi moja yamtosha: andika tu ingawa huoni kitu, kisha bonyeza Enter. Toleo nalo litajwe juu ya ukurasa, kwa kuwa matoleo ya kudumu hutoka kila baada ya miaka 2 na mambo hubadilika.

Faili ya toleo hilo huzidi GB 5. Kumwambia mama wa Nyamira “pakua” ni kumwambia amalize bando lake. Afadhali apelekewe flashi iliyo tayari. Mashine yenye kumbukumbu chini ya GB 4 yafaa kupewa Lubuntu, nduguye mwepesi.

Nani aandike? Kwetu sisi, binti aliyejifunza mwezi uliopita ni bora kuliko fundi wa miaka 20, maana bado anakumbuka alipokwama. Akishaandika, ampe shangazi asiyejua kitu, akae kando, asiseme neno. Kila mkono wa shangazi unaposita, hapo pana sentensi iliyokosekana. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuandika.

Mwongozo upigwe chapa karatasini kwa herufi kubwa. Kompyuta inayosakinishwa si ya kutegemewa wakati huohuo kuonyesha maelezo ya kuisakinisha, na umeme ukikatika, karatasi ingali mkononi. Pembeni paachwe nafasi pana ya kuandikia Ekegusii kwa kalamu.