Fimbo ya Pool Iliyokarabatiwa: Je, Bado ni Halisi?

Mlaji anayenunua fimbo ya pool iliyotengenezwa kwa mkono na fundi mashuhuri hulipia kifaa cha kuchezea pamoja na jina la aliyekitengeneza. Ukarabati mkubwa waweza kukiimarisha kifaa na papo hapo kulipunguzia jina hilo thamani.

Tuchukue mfano wa George Balabushka, aliyetengeneza fimbo nchini Marekani kuanzia 1959 hadi alipofariki mwaka 1975. Nyingi alizijenga kwa mbao zilizokwisha kuunganishwa na wengine, ikiwemo kampuni ya Brunswick, na hakuna anayezikana kwa sababu hiyo. (Fimbo iliyopewa jina lake katika filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986, kwa kweli, ilikuwa ya Joss.)

Ncha ya ngozi, kipete kinachoishikilia na uzi wa kitani unaozungushiwa mahali pa kushikia huchakaa kwa matumizi. Kuvibadilisha hakuondoi uhalisi, kama vile jembe lisivyoacha kuwa lilelile kwa kutiwa mpini mpya. Kipete cha zamani cha pembe ya ndovu kina shida yake: chaweza kuzuiliwa mpakani, ingawa ndicho cha asili. Kipande chembamba cha mbele kikibadilishwa, fimbo hubaki ya fundi wake, ila bei yapaswa kushuka.

Penye mashaka ni kwenye kitako, yaani kipande kinene cha nyuma. Humo ndimo zilimo nakshi, kiungio na mara nyingi sahihi ya fundi. Kukwangua vanishi ya zamani huondoa pia sehemu ya mbao, na sahihi yaweza kufutika. Kazi hiyo ikifanywa na fundi mwenyewe, uzito wake ni mdogo. Lakini mbao yenye nakshi ikibadilishwa na mtu mwingine, kwa maoni yetu fimbo hiyo haistahili kuuzwa kwa jina la fundi wa kwanza bila maelezo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mtake muuzaji aeleze kwa maandishi ni sehemu zipi zilizobadilishwa, na nani, na lini. Omba picha za kabla ya ukarabati. Hifadhi tangazo la bidhaa pamoja na risiti. Neno “halisi” likiwa limeandikwa humo, ndilo litakalokuwa ushahidi wako.