Sindano Mkononi, Mji Kitambaani

Majuzi tulifika Kibarani kumjulia hali mama mmoja aliyekuwa jirani yetu Mji wa Kale. Tulimkuta barazani, kofia nyeupe mapajani, akizungushia uzi tundu moja baada ya nyingine katika nakshi aliyoichora kwa penseli. Kofia hiyo ilikwisha kumchukua mwezi mzima. "Sheikh," alituambia, "binti zangu hawaitaki kazi hii. Wasema za mashine zauzwa kwa bei ya kutupa."

Maneno yale hayakututoka. Huko Ayalandi, wapenzi wa kudarizi hununua kifurushi chenye kitambaa, nyuzi, sindano na mchoro wa ngome au mnara wa kale wa nchi hiyo. Mtu hukaa kwake jioni akaujaza mchoro kwa uzi, mpaka jengo likajitokeza. Je, sisi hatuna majengo?

Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kujengwa mwaka 1570, ungali waadhiniwa. Milango ya Mji wa Kale imejaa maua yaliyochongwa na mafundi wetu. Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mkono uliozoea tundu za kofia hautashindwa na mlango wala mnara. Mama achore, binti ashone; na kifurushi kiuzwe kwa wageni wanaokuja kuitazama Ngome.

Wako watakaouliza sheria yasemaje. Picha za majengo, miti na maua hazina ubaya. Wanavyuoni wamekataza za viumbe wenye roho. Aya za Qur'ani nazo tusizitie kwenye mito ya kukalia, kwa kuzihishimu. Tukumbuke kuwa Bi Zaynab bint Jahsh (R.A.), mkewe Mtume wetu (S.A.W.), alikuwa akidabighi na kushona ngozi kwa mkono wake, kisha pato lake akilitoa sadaka.

Kazi hii yamfaa mjane aliyekaa eda na mama mwenye watoto wadogo, kwani hufanywa nyumbani. Lakini haitadumu ikiwa mnunuzi ataipunja. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Basi anayeagiza kofia ya mkono asiipime kwa bei ya mashine, na mchuuzi asimzungushe mama kwa "njoo kesho". Binti akiona mamake analipwa haki yake, ataiomba sindano mwenyewe.

Tulipoaga, tulimwomba mwenyeji wetu atuchoree mlango wa nyumba aliyozaliwa. Alicheka, kisha akamtuma bintiye amletee karatasi.

Allah aibariki mikono ya mama zetu. Amin.