Ekari 100 za Ahadi: Gharama ya Kuwalipa Askari kwa Ardhi

Askari wa kawaida katika jeshi la George Washington aliahidiwa dola 6 na senti 67 kwa mwezi, yaani dola 80 kwa mwaka. Septemba 1776, vita vya uhuru wa Marekani vikiwa bado vibichi, Bunge la makoloni yaliyoasi liliongeza kivutio: atakayejiandikisha mpaka vita viishe atapewa shamba. Askari wa kawaida ekari 100, kapteni 300, kanali 500. Siku hiyo Bunge halikuwa na ardhi yake hata ekari moja. Liliahidi kitakachopatikana likishinda, na kilichopatikana kilikuwa ng'ambo ya milima ya Appalachia, kwenye bonde la mto Ohio, ambako Washawnee, Wadelaware, Wamiami na Wawyandot walikuwa wakilima mahindi na kuzika wazee wao.

Tuanze na mshahara, kwa sababu ndiko umaskini wa uzeeni ulikoanzia. Noti zilizochapwa na Bunge ziliporomoka hadi Machi 1780 Bunge lenyewe likakubali kwamba dola 40 za karatasi zina thamani ya dola 1 ya fedha. Jeshi lilipovunjwa mwaka 1783, wengi walirudi makwao na hati za madai, si pesa taslimu. Mwenye watoto na deni dukani hawezi kula hati. Aliiuza, na katikati ya miaka ya 1780 bei ya mtaani ilikuwa kama senti 12 na nusu kwa kila dola 1 iliyoandikwa. Chukua askari anayedai miaka 3 kamili: kwenye karatasi ana dola 240, mkononi anabaki na dola 30. Huo ni mshahara wa miezi 4 na nusu kwa kazi ya miezi 36.

Mwaka 1790 serikali mpya iliamua kulipa madeni ya vita. Waziri wa fedha Alexander Hamilton alitaka alipwe yule anayeishika hati siku hiyo. James Madison akasimama bungeni kupendekeza kwamba askari aliyeipata kwanza agawiwe sehemu. Walipopiga kura, 36 walimkataa na 13 wakamuunga mkono. Kwa maoni yangu, hakuna kura iliyowaumiza watu hawa kuliko ile. Mlanguzi aliyenunua hati kwa senti chache alipata faida yake kwa mujibu wa sheria, na askari akabaki na tumaini moja tu, ardhi.

Hapo pia, aliyeweza kusubiri ndiye aliyenufaika. Machi 1786, Jenerali Rufus Putnam na maofisa wenzake waliunda Ohio Company of Associates mjini Boston. Walizikusanya hati zao za madai na kuzitumia kama fedha: hati zenye thamani ya dola 500,000 ziliwapatia ekari 750,000. Kwa thamani ya karatasi ni senti 67 kwa ekari. Kwa bei ya mtaani ya hati zenyewe, ni senti 8 na kidogo. Tarehe 7 Aprili 1788 kundi la wanaume 48 lilitua mahali mto Muskingum unapoingia Ohio na kuanza kujenga mji wa Marietta.

Askari wa kawaida mwenye hati ya ekari 100 hakuwa na kampuni. Mwaka 1796 Bunge lilimtengea eneo la kama ekari milioni 2.5 katikati ya Ohio, lakini sheria ikasema kipande kidogo kabisa kinachoweza kuchukuliwa ni ekari 4,000. Maana yake, askari 40 waliotawanyika kutoka New Hampshire hadi Georgia walipaswa kutafutana, kukubaliana na kuomba pamoja, au kila mmoja amuuzie hati yake dalali. Tunaweza kukisia wengi walifanya lipi. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1800, vipande vya ekari 100 vikaruhusiwa. Aliyejiandikisha akiwa na miaka 20 mwaka 1776 alikuwa sasa ana 44, umri mbaya wa kuanza kuangusha miti ya msitu ambao haujawahi kukatwa.

Hata waliopata, wengine hawakuishi kuifaidi. Jenerali James Varnum alifika Marietta mwaka 1788 na Januari 1789 kifua kikuu kikamuua. Jenerali Samuel Parsons alizama mtoni Novemba mwaka huohuo. Jenerali Benjamin Tupper alifariki 1792. Tarehe 2 Januari 1791 wapiganaji wa Wadelaware na Wawyandot waliivamia kambi ya walowezi ya Big Bottom na kuua zaidi ya watu 10. Novemba 4 mwaka huo jeshi la Jenerali Arthur St. Clair, gavana wa eneo hilo, lilizingirwa alfajiri na muungano wa makabila ulioongozwa na Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee. Kwa muda wa kama saa 3 askari zaidi ya 600 waliuawa. Hesabu rasmi ya waliokufa wakipigana katika miaka yote 8 ya vita vya uhuru ni 4,435. Asubuhi moja, katika kupigania ardhi iliyoahidiwa, iligharimu karibu sehemu ya saba ya idadi hiyo.

St. Clair mwenyewe aliishi miaka 27 zaidi. Alikuwa ametumia mali yake kugharamia shughuli za serikali, madai yake yakakataliwa na wadai wake wakauza alichonacho. Alifariki Agosti 1818 Pennsylvania, akiishi katika nyumba ya magogo. George Rogers Clark, aliyeliteka eneo la Illinois kwa niaba ya Virginia, alikuwa ameweka sahihi yake kwenye mikopo ya chakula na baruti za askari wake. Virginia ilikataa kumlipa, ikisema haina stakabadhi. Katika mgao wa ekari 150,000 waliopewa yeye na askari wake huko Indiana, sehemu yake ilikuwa ekari 8,049, lakini madeni yale ya vita yalimwandama nako. Mwaka 1809 alipigwa na kiharusi akaangukia moto, mguu ukakatwa. Alifariki Februari 1818 akiwa na miaka 65. Mwanzoni mwa karne ya 20 stakabadhi zake zilikutwa zimehifadhiwa katika jengo la serikali ya Virginia. Alikuwa amezipeleka. Hili linaniuma kuliko tarakimu nyingine zote humu, kwa sababu hapa hapakuwa na uhaba wa fedha wala vita, palikuwa na ofisi ambayo haikutafuta.

Machi 1818, miaka 35 baada ya amani, Bunge hatimaye lilipitisha pensheni kwa waliotumikia jeshi la taifa angalau miezi 9 na sasa ni wahitaji: dola 20 kwa mwezi kwa ofisa, dola 8 kwa askari wa kawaida. Wabunge walidhani wazee waliobaki ni wachache. Mwaka 1816 waliokuwa wakilipwa pensheni, hasa majeruhi, walikuwa 2,200, kwa gharama ya dola 120,000. Mwaka 1820 walikuwa 17,730, na gharama imefika dola milioni 1.4.

Dola 8 kwa mwezi ni dola 96 kwa mwaka, zaidi ya mshahara wa vitani. Na kuanzia 1820 serikali iliuza ardhi yake ya magharibi kwa dola 1 na senti 25 kwa ekari, kuanzia ekari 80. Shamba zima lilikuwa dola 100. Kwa hiyo kila mwaka hazina ilimlipa mzee mmoja kiasi kinachokaribia bei ya shamba ambalo, kama angelipewa mapema likiwa na njia ya kufikika, huenda lingemtoa kwenye orodha ya wahitaji.

Bunge lilishtuka, na mwaka huohuo wa 1820 likawataka wazee wote waende mahakamani waape umaskini wao, wakiorodhesha kila walichonacho isipokuwa nguo na matandiko. Mzee wa miaka 65 au 70 alisimama mbele ya hakimu akitaja ng'ombe, sufuria na shoka. Wengi walifutwa, baadhi wakarudishwa 1823. Kwa waliohamia magharibi kulikuwa na kikwazo zaidi. Wizara ya vita iliungua Novemba 1800 na kumbukumbu zake zikateketea, hivyo ushahidi mzuri ulikuwa kiapo cha mwenzako wa kikosi, na huyo aliachwa Massachusetts au Virginia, safari ya majuma kadhaa, kama bado yu hai. Sharti la umaskini liliondolewa na sheria ya 1832, miaka 49 baada ya vita.

Malipo yaliendelea kwa wajane na watoto. Mstaafu wa mwisho, Daniel Bakeman, alifariki 1869, mjane wa mwisho 1906, na binti wa mwisho 1911. Jumla yote ilifika kama dola milioni 70.

Upo upande wa pili wa daftari. Kwa mkataba wa Greenville wa Agosti 1795, makabila 12 yaliachia kama theluthi mbili za Ohio ya leo, zaidi ya ekari milioni 16, kwa bidhaa za dola 20,000. Ni ekari zaidi ya 800 kwa dola moja, ardhi ambayo serikali iliiuza mwaka uliofuata kwa dola 2 ekari. Juu yake waliahidiwa bidhaa za dola 9,500 kila mwaka: dola 1,000 kwa kila moja ya makabila 7 makubwa, dola 500 kwa kila moja ya yale 5 yaliyobaki. Kwa viwango vya 1818, kabila zima la Washawnee lilikuwa likipata kwa mwaka kiasi kinachokaribia kile walichopata askari wa kawaida 10, na Wakickapoo wote, wake kwa waume na watoto, karibu kiasi cha askari 5.